Akii-Bua: Msimu mmoja wa kutoboa, kisha milango ikafungwa

Panda mlima wa Kitonga kwa miguu, hata bila mzigo. Ukifika juu unatafuta pa kukaa. Sasa mfikirie mtu ambaye mazoezi yake ya kila wiki ni kupanda vilima mbio, na akishuka uwanjani anavaa fulana yenye uzito ndipo aanze kuruka viunzi. Hivyo ndivyo askari polisi mmoja wa Uganda alivyouandaa msimu wake wa 1972.

Jina lake John Akii-Bua. Kwa vijana wa Kilolo wanaokimbia leo, jina hili huenda ni geni. Kwa wazee waliokuwa wakisikiliza redio enzi hizo, si geni hata kidogo.

Alizaliwa Desemba 3, 1949 huko Abako, eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Yaani nyumbani peke yake ungeweza kupata timu tatu za mpira na wa akiba wakabaki. Kijana alichunga ng'ombe, akakua, akaenda Kampala kujiunga na polisi.

Polisi ndiko alikoonekana. Jerom Ochana, mkubwa wake kazini, alikuwa mkimbiaji wa viunzi mwenye rekodi ya Afrika, na jicho lake halikukosea. Baadaye akaja kocha Muingereza, Malcolm Arnold. Wakati huo Akii-Bua alikuwa anakimbia viunzi vya mbio fupi, mita 110. Arnold akamhamishia mita 400.

Uamuzi huo ndio uliobadilisha kila kitu. Mita 400 za viunzi ni mbio ya mateso: mzunguko mzima wa uwanja kwa kasi, viunzi 10 njiani, na kile cha mwisho kinakukuta miguu imeshakufa ganzi. Wakimbiaji wengi wana mguu mmoja tu wa kurukia, kwa hiyo hatua zikivurugika wanapunguza kasi ili kuupata mguu huo. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa mguu wowote. Kiunzi kikimkuta na wa kulia, sawa. Kikimkuta na wa kushoto, sawa pia.

Je, mwanzoni mwa 1972 kulikuwa na dalili kwamba jamaa angetoboa? Zilikuwepo, ila kwa mtu aliyekuwa anafuatilia.

Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa nne. Nafasi ya nne ni mbaya kuliko zote, unakosa medali huku unaiona. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani kwenye mashindano ya Afrika dhidi ya wenyeji, akakimbia sekunde 49.0. Hakuna mtu duniani aliyekimbia haraka zaidi ya hapo mwaka huo.

Bado wengi hawakumpa nafasi kubwa. Sababu yao ilikuwa na mantiki: hakuwa na uzoefu. Wenzake wa Ulaya na Marekani walishindana kila mara, yeye alishinda Kampala akifanya mazoezi. Na bingwa mtetezi alikuwepo, David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia ya 48.12 aliyoiweka Mexico 1968.

Halafu kulikuwa na mambo ya nyumbani. Idi Amin alikuwa amempindua Milton Obote Januari 1971. Obote alikuwa mtu wa Lango, na askari wengi wa Lango na Acholi waliuawa baada ya mapinduzi. Akii-Bua naye ni wa Lango, tena amevaa sare za serikali. Alifanya mazoezi katikati ya hayo.

Septemba 2, 1972, Munich, Ujerumani Magharibi. Fainali. Akapangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kwa mkimbiaji wa viunzi hiyo ni kama adhabu, kona zake ni kali na mwili unavutwa nje kila unaporuka. Wenzako wote wanaanza mbele yako.

Akawafuata mmoja mmoja. Walipotoka kona ya mwisho alikuwa anaongoza, na mguu haukupungua. Sekunde 47.82. Binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hiyo. Ralph Mann wa Marekani akawa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Katika mbio hiyo, kumwacha wa pili kwa karibu sekunde 0.7 ni pengo kubwa mno. Mshindi hakukaa chini kuhema, aliendelea kukimbia akishangilia mbele ya mashabiki. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Alikuwa na miaka 22.

Hapo ungetegemea miaka ya kutawala. Januari 1973 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Lagos, na macho yote yakaelekezwa Montreal 1976, ambako Mmarekani chipukizi, Edwin Moses, alikuwa anakuja kwa kasi. Pambano hilo halikufanyika. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uganda ikasusa. Tanzania nayo ikasusa, na Filbert Bayi wetu akaikosa Olimpiki hiyo hiyo. Moses alishinda kwa 47.64 na rekodi ya Akii-Bua ikaondoka bila mwenyewe kuwepo uwanjani.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalipokuwa yanamng'oa Amin, bingwa alikuwa kwenye hali ngumu. Amin alikuwa akimtumia kama mfano kwamba watu wa Lango wanaishi vizuri, sasa akahofia kuonekana kibaraka. Akakimbilia Kenya na familia yake, akaishia kambi ya wakimbizi. Puma, kampuni ya viatu alivyokuwa akikimbilia, ndiyo iliyomtoa na kumpeleka Ujerumani, ikampa kazi.

Alirudi Olimpiki, Moscow 1980, akaishia nusu fainali. Baadaye akarejea Uganda kufundisha wakimbiaji. Alifariki Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47, mjane, ameacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima zote za kitaifa.

Uganda ilisubiri hadi London 2012 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki. Aliyeileta ni Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni, naye askari, wa magereza. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu Munich.