Arthur Lewis: Mchumi aliyeanzia shamba la chakula

Katika miaka 75 mavuno ya miwa kwa ekari yaliongezeka karibu mara tatu, lakini wafanyakazi wa mashamba hayo waliendelea kutembea peku. Wa ngano, zao ambalo halikukua kwa kasi hiyo, waliishi vizuri. Arthur Lewis alitaka kujua sababu.

Lewis alizaliwa mwaka 1915 Saint Lucia, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza. Akiwa na miaka saba alifiwa na baba, mama akabaki na watoto watano wa kiume. Alimaliza shule na miaka 14 akawa karani serikalini. Alipopata ufadhili wa masomo mwaka 1932 alitamani uhandisi, ila serikali ya kikoloni na makampuni ya Wazungu hayakuajiri mhandisi mweusi. Akaenda London kusomea biashara. Kufikia mwaka 1948 alikuwa profesa wa uchumi Manchester.

Jibu la swali lake lilimjia Agosti 1952 akitembea barabarani Bangkok, akalichapisha mwaka 1954. Mtu hakubali kuchuma chai ya mwingine kwa ujira ulio chini ya kile anachopata kwenye shamba lake la chakula. Shamba hilo likitoa kidogo, ujira wa kila kazi nyingine nao huwa mdogo. Kwa hiyo mavuno ya zao la biashara yakipanda peke yake, bado wapo wengi walio tayari kulilima kwa ujira uleule. Bei hushuka, na faida humwendea mnunuzi wa ng'ambo. Hesabu hiyo si tamu kwa wanaohubiri mazao ya biashara tu.

Mwaka 1953 aliishauri Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, iliyokuwa na hamu ya viwanda, ianze kwa kuongeza tija ya kilimo cha chakula. Viwanda vingepata wapi wateja iwapo mkulima hana kitu mfukoni? Mwaka 1957 akawa mshauri wa uchumi wa Kwame Nkrumah, lakini walitofautiana kuhusu matumizi ya fedha za maendeleo, akaondoka mwaka uliofuata.

Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Theodore Schultz wa Marekani, aliyechunguza wakulima maskini. Lewis alifariki Barbados mwaka 1991, akazikwa Saint Lucia katika viwanja vya chuo chenye jina lake.