Bwana Hobley na Ukoo Wetu

Wasomaji, mimi ni Msamia wa Busia, na nusu ya jamaa zetu wako Tororo. Nilipoanza kuandika majina ya ukoo, wazee hawakunipa miaka. Walisema tu kwamba babu wa babu yangu alizaliwa kabla ya kuja Bwana Hobley, na mdogo wake baadaye. Ikanibidi nimtafute huyo Bwana.

Charles William Hobley alizaliwa Uingereza mwaka 1867. Alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1890, akiwa mtaalamu wa mawe wa Kampuni ya Waingereza. Mwaka 1895 Serikali ilimweka Mumias, kwa Nabongo Mumia. Mwaka ule ule Wabukusu walipigwa vita, ngome zao za Lumboka na Chetambe zikavunjwa, watu wengi wakafa. Habari hiyo wazee huisema kwa sauti ndogo.

Lakini alipenda sana kuuliza mambo ya koo na mila. Kitabu chake juu ya makabila yetu kilipigwa chapa mwaka 1902, nacho kilihusu Uganda ya Mashariki, maana huku kwetu kulikuwa Uganda. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo mpaka ulisogezwa, Mto Sio ukatugawa. Basi yule mdogo alizaliwa Uganda, akazeekea Kenya, wala hakuhama nyumba!

Hobley aliacha kazi mwaka 1921, akafa mwaka 1947. Majina ya akina mama sijayapata bado. Likizo ijayo nitakwenda Tororo kwa shangazi.