Chick Webb: Mfupi aliyeitiisha ngoma kubwa

MPIGANGOMA William Henry Webb, aliyefahamika zaidi kama Chick, alikuwa na kimo cha futi nne na ushei tu, na mgongo wake ulikuwa umepinda. Hata hivyo, ngoma ya besi aliyoipiga ilikuwa na kipenyo cha inchi 28, takriban sentimita 71, ilhali seti nyingi za leo hutumia ya inchi 20 au 22.

Alizaliwa Baltimore, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kifua kikuu kilimshika utotoni, si mapafuni bali kwenye uti wa mgongo. Maradhi hayo ndiyo yaliyomuua mwaka 1933 Jimmie Rodgers, yule mwimbaji Mmarekani ambaye Wakipsigis wa Kericho na Bomet walimjua kwa santuri na kumwimba kwa jina la Chemirocha.

Daktari alimshauri Webb apige ngoma ili kulegeza viungo. Akauza magazeti mitaani hadi akapata pesa za kununua seti.

Kuanzia mwaka 1931 bendi yake ilitumbuiza katika ukumbi wa Savoy, mtaani Harlem, New York. Ngoma hazikuwekewa vipaza sauti enzi hizo, na mdundo ulipaswa kuwafikia wachezaji dansi hadi pembe ya mwisho. Ngoma pana huweza kazi hiyo. Dosari yake ni kwamba ngozi huendelea kuvuma, na mpigaji asiye na kadiri huifunika bendi nzima. Webb, aliyetengenezewa vikanyagio maalumu, aliidhibiti barabara.

Mei 11, 1937, bendi ya Benny Goodman ilifika Savoy kushindana naye, ikiwa na Gene Krupa, mpigangoma aliyevuma kuliko wote. Umati ulimpa Webb ushindi, naye Krupa akakiri kushindwa.

Wakati huo tayari alikuwa amemwajiri Ella Fitzgerald, msichana aliyeipatia bendi umaarufu mkubwa mwaka 1938 kwa wimbo A-Tisket, A-Tasket. Lakini maumivu yalizidi. Mara nyingi Webb alizirai baada ya kushuka jukwaani, ila alikataa kupumzika. Ajira zilikuwa adimu, na wanamuziki wake wangekosa riziki.

Alifariki Juni 16, 1939, hospitalini Baltimore, baada ya kufanyiwa upasuaji. Fitzgerald aliiongoza bendi hiyo hadi mwaka 1942.