Ansel Adams, mpiga foto aliyehesabu mwanga kwa kichwa

Zamani za filme, mtu alipiga foto leo, akajua kesho kama imekubali ao imekufa. Mara nyingi ilikuwa imekufa: nyuso nyeusi kama mkaa, ao nguo nyeupe tupu bila hata mkunjo moja. Mmarekani Ansel Adams alitumia karibu maisha yake yote kutafuta inakufa wapi.

Alizaliwa San Francisco tarehe 20 Februari 1902. Mwaka 1906 tetemeko kubwa la ardhi likapiga muji ule, na tetemeko dogo lililofuata likamtupa mtoto kwenye ukuta wa bustani. Pua ikavunjika, ikabaki imepinda maisha yake yote. Shuleni hakukaa vizuri, baba yake akamtoa, akasomea nyumbani. Yeye alitaka kuwa mpiga piano. Lakini mwaka 1916 familia ilienda kutembea katika bonde la Yosemite, wazazi wakamupa kamera ndogo ya Kodak, na kuanzia pale milima ikamuchukua polepole.

Aprili 1927 alipanda kule na kamera kubwa, mgongoni vioo 12 vya negativu. Alipofika mbele ya Half Dome, ule mlima wa jiwe tupu, alibakia na vioo viwili tu. Cha kwanza alikipiga na filtre ya manjano. Kisha akaona kwa kichwa namna itakavyotoka: mbingu kijivu tu, jiwe lisilotisha mtu. Kwa kioo cha mwisho akaweka filtre nyekundu sana, yenye kuzuia mwanga wa buluu, akaacha lensi wazi sekunde 5. Mbingu ikatoka karibu nyeusi, na jiwe likasimama mbele yake. Tangu siku ile, foto kwake ilianza kichwani, mbele ya kugusa kamera.

Kuona kwa kichwa peke yake hakutoshi, lazima hesabu. Karibu mwaka 1940, akifundisha Los Angeles, alitengeneza pamoja na mwenzake Fred Archer namna ya kugawa mwanga kwa madaraja 11, kuanzia nyeusi kabisa mpaka nyeupe kabisa. Shida ilikuwa hii: kipima mwanga hakijui kinaangalia nini. Ukikielekeza kwenye gauni ya bibi arusi, kinakupa kijivu. Ukikielekeza kwenye koti nyeusi ya bwana arusi, kijivu tena. Mpiga foto ndiye anapaswa kuamua.

Kanuni ya wapiga foto, ambayo yeye aliipa vipimo, ni kupima kivuli wakati wa kupiga, na kuchunga weupe wakati wa kusafisha filme. Weka negativu mbele ya dirisha. Kama sehemu za kivuli ziko wazi kama kioo kitupu, mwanga haukutosha, na hakuna dawa itakayorudisha kitu ambacho hakikuingia. Kama sehemu za weupe zimejaa nyeusi nzito, mara nyingi filme imekaa sana katika dawa, ao dawa ilikuwa moto. Vipimo vingi vya dawa vinahesabiwa kwa digri 20. Joto likipanda, dakika lazima zipungue. Wengi wanaosafishia filme nyumbani wanaanguka hapo.

Hesabu hiyo ilimwokoa jioni moja ya 1941, katika jimbo la New Mexico. Alikuwa barabarani na mtoto wake Michael na rafiki. Karibu na kijiji cha Hernandez akaona mwezi umepanda juu ya milima, na jua la mwisho linaangaza misalaba ya makaburi. Akasimamisha gari, akapandisha kamera mbio mbio, akatafuta kipima mwanga. Hakukiona! Jua linatoka kwenye misalaba. Akakumbuka namba ya mwanga wa mwezi: mishumaa 250 kwa kila futi mraba. Akahesabu palepale, akapiga sekunde moja. Alipogeuza filme apige ya pili, mwanga ulikuwa umekwenda.

Ikabaki negativu moja, na chini yake nyepesi. Aliisafisha kwa kuichovya katika dawa, kisha katika maji bila kuitikisa, akarudia mara nyingi, ili weupe usizidi na kivuli kipate muda. Mwaka 1948 akaongeza nguvu sehemu ya chini kwa dawa nyingine. Tarehe hakuandika, mtu wa vipimo vile! Wataalamu wa nyota ndio waliipata baadaye kwa kufuata pahali mwezi ulipokuwa: 1 Novemba.

Wakati wa vita, kuanzia 1943, alipiga foto pia katika kambi ya Manzanar, Kalifornia, pahali serikali ilifungia Wamarekani wenye asili ya Japani, watu wasio na kosa. Alionyesha nyuso zao karibu sana, wako kazini, shambani, na familia zao. Kitabu cha foto zile kilitoka 1944, vita vingali vinaendelea, na wengi hawakukipenda. Baadaye foto zile alizitoa zawadi kwa maktaba ya taifa ya Washington.

Adams alikufa tarehe 22 Aprili 1984 akiwa na miaka 82. Ile foto ya mwezi aliichapa mwenyewe zaidi ya mara 1,300, na kadiri miaka ilivyokwenda, mbingu yake ilizidi kuwa nyeusi. Negativu zake zinachungwa Tucson, katika chuo kikuu cha Arizona.