Joy Adamson: Mchoraji aliyehifadhi sura za jamii za Kenya

KABLA ya kupata sifa kwa simulizi za simba Elsa, Joy Adamson alikuwa mchoraji. Kwa wakazi wa Kajiado na Kitengela, huenda hiyo ndiyo kazi yake yenye thamani zaidi.

Alizaliwa Januari 20, 1910, mjini Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Czech, akaitwa Friederike Victoria Gessner. Aliwasili Kenya mwaka 1937, na mwanzoni akachora maua na mimea.

Mnamo 1949 serikali ya kikoloni ilimpa jukumu la kuwachora wenyeji, Wamaasai wakiwemo, katika mavazi na mapambo ya jadi yaliyokuwa yameanza kutoweka. Ajabu ni kwamba utawala uleule uliotikisa mila hizo ndio uliogharimia kumbukumbu zake.

Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa akifanya kazi hiyo. Katika kitabu chake The Peoples of Kenya cha mwaka 1967, michoro hiyo iliwekwa pamoja na picha za kamera.

Umaarufu wa Born Free, kitabu cha 1960, uliifunika kazi hiyo. Adamson aliuawa Shaba, Januari 3, 1980.

Baadhi ya michoro yake imehifadhiwa katika Makavazi ya Nairobi. Si mbali na Kitengela, ambako nyumba na viwanda vimechukua nafasi ya malisho, na kijana wa Kimaasai anaweza kwenda huko kutazama mapambo ya enzi za babu zake.