LORENZO VALLA NA BARUA YA UWONGO

Wanafunzi wenzangu, huyu Valla alizaliwa Roma karibu mwaka 1407. Wakati ule wengi waliamini barua moja kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa Silvestro mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 Valla, karani wa Mfalme Alfonso, aliipima ile barua neno kwa neno, kama vile mwalimu anapima dikte yetu. Akakuta "masatrapi", cheo kisichojulikana katika serikali ya Roma. Tena Konstantinopoli inatajwa humo, kumbe mji ulikuwa haujajengwa bado!

Mwaka 1444 alishitakiwa, sababu alikana kwamba mitume wenyewe walitunga Imani ya Mitume. Mfalme akamwokoa. Ajabu, mwaka 1448 Papa Nikolao wa Tano akamupa kazi. Alikufa 1457. Luther alisoma kitabu chake mwaka 1520.