Mbaruk wa Gazi: Mazrui aliyekataa kukabidhi bunduki zake kwa Mwingereza

ATOKAYE Likoni kwa barabara ya Lungalunga hufika Gazi, makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mtu aliyewasumbua watawala wa Unguja na Waingereza kwa miaka mingi.

Mbaruk alizaliwa katika ukoo ulioitawala Mombasa kwa takriban karne nzima. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye liwali wa mwisho wa Kimazrui. Mwaka 1837 Seyyid Said alimkamata pamoja na wakuu wengine wa ukoo huo, wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas, wasirudi tena.

Mtoto huyo alikua akiamini kwamba asiye na silaha hana dhamana. Alipoushika uongozi wa Gazi, alikusanya wafuasi wenye bunduki, wakiwamo watumwa waliotoroka mashambani, akawaasi masultani mara kadhaa. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultan, aliizingira ngome yake ya Mwele, nyuma ya milima ya Shimba. Ngome ilianguka lakini mwenyewe aliponyoka.

Wakati huo bunduki zilikuwa zikimiminika pwani kwa maelfu. Ndipo mataifa 17, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, yakatia saini Mkataba wa Brussels Julai 2, 1890. Mkataba huo, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida ndivyo vilivyoweza kuruhusiwa kuuzwa, navyo kwa masharti. Silaha zilizoingia zilipaswa kuwekwa katika bohari za serikali.

Lengo lilikuwa jema, kwani bunduki ndizo zilizowalinda wateka watumwa, na masheikh wa Kimazrui wenyewe walimiliki watumwa wengi. Hata hivyo, mkataba haukuzibana serikali zilizoutunga. Mwenyeji alinyimwa bunduki mpya ilhali majeshi ya Ulaya yalishuka na bunduki za mashine.

Mbaruk aliionja tofauti hiyo mwaka 1895. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alipofariki, Waingereza walimpa cheo mwanawe Rashid na kumwacha jamaa aliyemzidi umri. Aliyenyimwa alishika silaha, kisha akakimbilia Gazi. Mbaruk, ambaye awali alielewana na Kampuni ya Waingereza, alikataa kumtoa mgeni wake.

Agosti mwaka huo, Admeri Harry Rawson aliivamia na kuiteka Mwele. Vita vikageuka kuwa vya kuvizia msituni, na hofu ikatanda Kisauni, katika kijiji cha watumwa walioachiliwa huru cha Freretown. Serikali ililazimika kuleta kikosi kutoka India.

Aprili 1896, Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wenye silaha waliozidi elfu moja, akaziweka bunduki chini mbele ya gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann. Mwezi uliofuata ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa. Mbaruk alihamia Dar es Salaam, akafariki huko mwaka 1910.

Suala la silaha halikuzikwa naye. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kupora bunduki, na maelfu ya wakazi wakahama makwao. Aprili 2004 mataifa ya kanda hii yalitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, safari hii yakijifunga yenyewe kuzitia alama silaha za serikali na kuzihesabu.

Maisha ya Mbaruk yanafunza kwamba kupokonya silaha hakuleti amani iwapo anayepokonywa haoni atakayemlinda. Yeye alimtafuta mlinzi huyo ng'ambo ya mpaka, na gharama yake ikawa Gazi.